Fangasi yupo, lakini ni yule? Namna DNA inavyotumika kupima magonjwa ya mikorosho

Tuseme una mikorosho mia moja. Mmoja umeanza kugeuka njano upande mmoja, majani yanakuwa ya kahawia, yanakauka yakiwa bado yameshikilia tawi, na baada ya muda mti mzima umekufa ukiwa umesimama. Mingine yote inachanua vizuri tu. Jirani anakwambia ni mchwa. Mwingine anasema ni yule mdudu anayetoboa shina. Muuza dawa anakushauri upulizie salfa. Afisa ugani, kama amehudhuria semina za miaka ya karibuni, anakunja uso na kusema huenda ni mnyauko fuzari, hivyo mti ung'olewe na mizizi yake, uchomwe hapohapo, na usipande mkorosho mwingine kwenye shimo hilo.

Hapo umepewa kazi nne tofauti, na hakuna hata moja ya bure. Mkorosho huanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu hivi, na unahitaji miaka mingine kufikia mavuno yake kamili. Ukiung'oa kumbe shida ilikuwa mdudu, umepoteza mti uliokuwa unatibika. Ukiuacha kumbe ni mnyauko, umeacha chanzo cha ugonjwa katikati ya shamba. Ukinunua salfa, umetupa hela: salfa ni unga unaokaa juu ya majani na maua, na huyu mgonjwa anaumwa ndani ya mti.

Makala hii inahusu namna ya kupata jibu kwa kutumia DNA. Ila nikuambie mapema, kusoma DNA si sehemu ngumu kuliko zote siku hizi. Sehemu ngumu ni kujua uulize swali gani.

Fangasi si mmoja

Watu wengi wanaoishi Mtwara, Lindi, Ruvuma, Pwani au Tanga wanalijua jina ubwiri unga. Ni ule ugonjwa unaofanya machipukizi na maua ya mkorosho yaonekane kama yamenyunyiziwa unga wa sembe. Uliripotiwa Tanzania mwaka 1979, na usipodhibitiwa unaweza kula sehemu kubwa kabisa ya mavuno ya msimu, maana ua lililoshambuliwa halitoi korosho. Upo pia blaiti, upo chule. Haya ni magonjwa ya juu ya mti: majani, maua, matunda machanga. Mkulima mzoefu anayatambua kwa macho, na kwa ubwiri unga sioni sababu ya mtu kulipia kipimo cha maabara ili aambiwe anachokiona mwenyewe akiwa amesimama chini ya mti. (Kwa watafiti ni tofauti. Kule Brazil, mkorosho ulikotoka asili, DNA ilionyesha kuwa ubwiri wa mikorosho una spishi mbili nyuma yake, Erysiphe quercicola na Erysiphe necator, huyu wa pili akiwa yuleyule anayesumbua mizabibu. Kwa macho, unga ni unga.)

Mnyauko ni habari nyingine. Mwaka 2012 wakulima wa kijiji cha Magawa, wilaya ya Mkuranga mkoani Pwani, waliona mikorosho inakauka kwa namna ambayo haikuzoeleka. Mwaka 2016 Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Shomari wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, walichapisha kazi yao wakiueleza kuwa ni mnyauko unaosababishwa na Fusarium, na kuutaja kama tishio linalochipuka kwa zao la korosho nchini. Tangu hapo umekutwa katika maeneo mengine ya Pwani na ya kusini.

Fangasi anayehusika ni Fusarium oxysporum. Anaishi kwenye udongo, anaingia kupitia mizizi, halafu anapanda ndani ya mirija inayopeleka maji juu ya mti. Anaiziba, na mti wenyewe katika kujihami unazidi kuiziba. Ndiyo maana mti unakufa kwa kiu hata kama mvua ilinyesha jana. Ukichanja shina utaona mistari ya kahawia ndani ya mbao. Ila kabla ya siku ya kuonekana njano ya kwanza, kimelea kilikuwa kimeshakaa humo ndani kwa muda bila kujitangaza. Na mti ukifa, hafi nao. Anaacha udongoni spora zenye ukuta mnene zinazoweza kusubiri miaka mingi hadi mzizi mwingine upite karibu.

Kwa nini darubini haitoshi

Njia ya zamani bado inatumika na bado ni muhimu. Unakata kipande cha mbao yenye ugonjwa, unakisafisha nje kwa dawa ya kuua vijidudu, unakiweka kwenye sahani ya kioo yenye chakula cha fangasi, unasubiri siku kadhaa. Inaota pamba nyeupe, mara nyingi yenye rangi ya zambarau kwa chini. Unaweka chini ya darubini, unaona spora zilizopinda kama mundu. Fusarium! Kesi imeisha?

Haijaisha. Fusarium oxysporum yupo karibu kila udongo unaolimwa duniani, na wengi wa aina hiyo hawana ubaya wowote. Wanakula mabaki, wanakaa kwenye mizizi ya mimea yenye afya kama wapangaji wasio na kelele, na wapo hata wanaotumika kukinga mimea dhidi ya ndugu zao wabaya. Chini ya darubini mwema na muuaji wanafanana kabisa. Kumkuta Fusarium oxysporum kwenye mkorosho uliokufa ni sawa na kumkuta mtu anaitwa Juma karibu na duka lililovunjwa, ukamshika kwa sababu mwizi naye anaitwa Juma.

Halafu mti uliokufa ni karamu. Fangasi wa kila namna wanakuja kula mbao iliyokauka. Ukichukua sampuli kwenye tawi kavu kabisa unaweza kuwaotesha waliokuja msibani ukamkosa aliyeua. Kwa hiyo, ukiambiwa uchukue sampuli ya mti, chukua mpakani, pale mbao yenye mistari ya kahawia inapokutana na mbao nzima, na usafishe panga kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine. Panga hilohilo linaweza kuchafua sampuli yako, na linaweza pia kupeleka ugonjwa mti wa pili. Ni uzembe mdogo wenye hasara mbili.

Kutoka gogo hadi tone la DNA

Ukimwaga juisi ya bibo kwenye shati jeupe, lile doa unalijua: utafua hadi shati lichoke. Kinachotia doa ni tanini na jamaa zake, kemikali ambazo mkorosho unatengeneza kwa wingi kwenye majani, magome na mabibo. Sasa kemikali hizohizo zinamfuata mtafiti hadi maabara. Ukisaga kipande cha mkorosho ili utoe DNA, zinageuka kahawia hewani, zinang'ang'ania DNA, na baadaye zinakizuia kimeng'enya unachokitegemea kisifanye kazi. Mazao mengine yanakuwa na huruma kidogo. Mkorosho hauna.

Kwa hiyo unasaga sampuli ikiwa imegandishwa, mara nyingi kwa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ili iwe unga kabla kemikali hazijaanza vurugu. Unauweka kwenye maji ya moto yenye chumvi nyingi na CTAB, ambayo ni sabuni ya aina yake: inapasua utando wa seli na kuachia kilichomo. Unaongeza PVP, dutu inayonasa tanini kabla hazijaifikia DNA. Unatikisa na klorofomu, unazungusha kwa kasi kubwa kwenye mashine, unachukua maji ya juu peke yake, unamimina alkoholi baridi, na DNA inajikusanya kama uzi mweupe. Ikitoka ya kahawia, ujue bado hujaisafisha.

DNA hiyo ni mchanganyiko. Sehemu kubwa sana ni ya mkorosho wenyewe, nyingine ni ya bakteria, nyingine ya fangasi wasio na kosa. Ya kimelea, kama kipo, ni punje chache za mchanga kwenye gunia la mchele. Hapo ndipo PCR inapoingia.

PCR, ile ya kipindi cha korona

Jina hili ulilisikia sana mwaka 2020 na 2021. Wazo lilimjia Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, na mwaka 1993 likampa Tuzo ya Nobel. DNA ni maandishi marefu ya herufi nne, A, T, G na C, yaliyo kwenye nyuzi mbili zilizokabiliana: A hukutana na T, G hukutana na C. Ukijua herufi za uzi mmoja umeshajua za mwenzake.

Unatengeneza praima, yaani vipande vifupi vya DNA vya herufi kama 20 hivi, vinavyolingana na mwanzo na mwisho wa sehemu unayoitafuta. Unavitia kwenye kichupa pamoja na DNA ya sampuli, herufi nyingi zilizo huru, na kimeng'enya kinachoitwa polimerasi. Mashine inapasha hadi nyuzi joto 95 hivi, nyuzi mbili za DNA zinaachana. Inashusha hadi 55 au 60, praima zinatafuta mahali pake na kushika. Inapandisha hadi 72, polimerasi inaanzia kwenye praima na kuandika nakala. Mzunguko mmoja umekwisha, kipande kimoja kimekuwa viwili. Inarudia.

Polimerasi ya kawaida ingeiva kama yai kwenye nyuzi 95. Inayotumika ilitoka kwa bakteria Thermus aquaticus, aliyepatikana kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani, ambaye kwake joto hilo si jambo la ajabu.

Piga hesabu. Mizunguko 10 inatoa nakala 1,024 kwa kila kipande kimoja. Mizunguko 20, zaidi ya milioni moja. Mizunguko 30, zaidi ya bilioni moja, na umetumia kama saa mbili tu. Lakini hayo yote yanatokea pale tu praima zilipopata mahali pa kushika. Zisipoona maandishi yake, hakuna kinachoongezeka. Kwa hiyo PCR haiulizi "kuna ugonjwa hapa?" Inauliza "sentensi hii imo humu?" Ni mashine yenye utiifu wa kupindukia: itakujibu ulichouliza, hata kama ulichouliza siyo ulichotaka kujua.

Uulize sentensi ipi?

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ningependa utulie kidogo.

Kwa fangasi wengi mahali pa kwanza pa kuangalia ni sehemu inayoitwa ITS. Praima zake zilichapishwa mwaka 1990 na zinafanya kazi kwa fangasi karibu wote. Sehemu hiyo ina nakala nyingi ndani ya kila seli, kwa hiyo ni rahisi kuipata hata sampuli ikiwa duni. Mwaka 2012 ilipendekezwa rasmi kuwa alama ya kutambulishia fangasi, kama namba ya mistari kwenye bidhaa ya dukani. Unaikuza, unaisoma herufi kwa herufi, unalinganisha na hazina za kimataifa za DNA, unapata jina.

Kwa Fusarium jina linalorudi ni pana mno. Ni kama umeuliza anwani ukaambiwa "Kariakoo". ITS za spishi tofauti za Fusarium zinaweza kufanana sana, ndiyo maana wanaofanya kazi na kundi hili wanatumia jeni nyingine, TEF1, ambayo imebadilika vya kutosha kutenganisha spishi moja na nyingine. Ukiona ripoti inatangaza spishi ya Fusarium kwa ITS peke yake, una haki ya kuinua nyusi.

Sawa, tumesoma TEF1, ni Fusarium oxysporum. Lakini tumeshakubaliana kwamba jina hilo lina wema na wauaji! Na wauaji wenyewe wamegawana kazi: kuna wa nyanya, kuna wa migomba, kuna wa pamba, zaidi ya makundi 100 ya namna hiyo yameelezwa, kila moja na mmea wake. Wa migomba hana habari na nyanya. Ungetegemea kwamba wote wanaoua migomba ni ukoo mmoja, ili usome jeni ya ukoo umalize kazi. Mara nyingi sivyo. Wawili wanaoua zao moja wanaweza kuwa na undugu wa mbali kuliko muuaji na yule mwema aliye jirani yake kwenye udongo.

Kwa nini? Mwaka 2010 kundi la watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature kitu ambacho mimi hadi leo nikikifikiria nashangaa. Waliisoma DNA yote ya Fusarium wa nyanya wakakuta baadhi ya kromosomu zake ni za ziada. Hazihitajiki kwa maisha ya kawaida, lakini ndizo zilizobeba silaha za kushambulia nyanya. Kisha wakawaotesha pamoja muuaji wa nyanya na Fusarium asiye na madhara. Kromosomu ikahama. Aliyekuwa mwema, baada ya kuipokea, akaweza kuugua nyanya. Bila kuzaliana, bila kuoana kwa namna ya kawaida: kakabidhiwa mfuko wa silaha na jirani.

Maana yake kwa kipimo ni kubwa. Ukisoma jeni ya ukoo, unamjua mzazi wa Juma. Hujui kama Juma ana bunduki. Ili ujue hilo lazima utafute bunduki yenyewe, yaani jeni zilizo kwenye zile sehemu za ziada. Kundi moja maarufu linaitwa SIX, jeni za protini ambazo fangasi anazitema ndani ya mirija ya maji ya mmea. Ziligunduliwa kwa kuchunguza utomvu wa nyanya zilizougua.

Kwa mkorosho njia inayofuata mantiki hii ni ndefu lakini inaeleweka. Unakusanya Fusarium kutoka mikorosho iliyokauka sehemu mbalimbali, na vilevile, jambo ambalo wengi wanalisahau, kutoka mizizi ya mikorosho yenye afya na udongo wa jirani. Kila mmoja unamwambukiza mche mchanga kitaluni na kusubiri: nani anaua, nani haui. Wanaoua unawatoa tena ndani ya mche uliokufa kuthibitisha ni walewale. Hapo sasa unasoma DNA yao yote, unatafuta maandishi yaliyo kwa wauaji wote na yasiyo kwa mwema hata mmoja. Hayo ndiyo unayatengenezea praima. DNA haikuondoi kitaluni. Kinyume chake, bila ile miche iliyokufa mbele ya macho yako, kipimo hakina cha kukiambia kipi ni kibaya.

Ukitaka kujua nini kinatokea hatua hii ikifanywa kwa haraka, angalia ndizi. Kwa mnyauko wa migomba aina ya TR4, ambao mwaka 2013 uliripotiwa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, vipimo vya PCR vilitengenezwa na kusambazwa dunia nzima. Baadaye Ecuador, nchi inayouza ndizi nje kuliko nyingine zote, watafiti waliwakuta Fusarium wasio na madhara ndani ya migomba yenye afya, na baadhi ya vipimo vikasema "ndiyo, ni yeye". Ndiyo ya uongo kwenye nchi kama hiyo inaweza kufunga bandari. Ndiyo ya uongo Mkuranga inachoma shamba la mtu.

"Hapana" nayo ina maswali yake

Watu wanaogopa ndiyo ya uongo. Mimi naiogopa zaidi hapana ya uongo, kwa sababu haina kelele.

Chukua zile tanini. Zikibaki kwenye sampuli, polimerasi inagoma na kichupa kinakaa kimya. Mashine haijui tofauti kati ya "hayupo" na "nimeshindwa kufanya kazi". Kwa hiyo kila kipimo cha heshima kinakwenda na vichupa vya ulinzi. Kimoja kina maji matupu: kikisema ndiyo, ujue maabara yako imechafuka. Kingine kina DNA ya kimelea chenyewe: kikisema hapana, praima au mashine ina shida. Cha tatu kinatafuta jeni ya mkorosho wenyewe ndani ya sampuli yako. Mkorosho lazima uwemo, si umeukata mwenyewe? Ukikosekana, basi ile hapana ya Fusarium haina maana yoyote, rudi ukasafishe DNA. Ripoti isiyotaja vichupa hivi irudishe uombe maelezo.

Kuna na hapana ya hesabu. Tuseme kitalu kina maelfu ya miche na katika kila miche 100 mmoja umeambukizwa. Ukipima miche 10 uliyoichukua bila kuchagua, uwezekano wa kumkamata hata mmoja ni chini ya asilimia 10. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 unahitaji kupima kama 300. Ni mingi, na PCR moja moja ni ghali, ndiyo maana maabara huchanganya sehemu za miche kadhaa kwenye kichupa kimoja na kurudia mmoja mmoja pale tu mchanganyiko unaposema ndiyo. Kuchanganya nako kuna kikomo. Ukizidisha, punje za mchanga zinapotea tena kwenye mchele.

Na tukumbuke, DNA haisemi kama mwenyewe yu hai. Fangasi akifa, maandishi yake yanaweza kubaki kwa muda. Ukipima udongo baada ya kuuchoma au kuuwekea dawa, ndiyo unayoipata inaweza kuwa ya maiti. Kwa swali hilo ile sahani ya kioo ya zamani bado inashinda: aliyekufa haoti.

Pesa ya kipimo iende wapi kwanza

Kwa maoni yangu, si kwenye mti uliokwisha kukauka. Huo umeshasema mwenyewe, na kipimo chake kinasaidia zaidi watafiti na majirani kuliko mwenye mti. Pesa iende kwenye miche.

Kuna mfano mzuri kwa wenzetu wa njugu nyingine. Jimbo la Oregon, Marekani, ndilo linalolima karibu hazelinati zote za nchi hiyo, zile zinazosagwa kwenye chokoleti ya kupaka mkate. Mti wa hazelinati ukiambukizwa fangasi Anisogramma anomala, kidonda cha kwanza kwenye tawi huonekana baada ya miezi 12 hadi 18 hivi. Zaidi ya mwaka mzima mche unaweza kuuzwa, kusafirishwa na kupandwa, ukiwa mzuri wa kupigwa picha. Fangasi huyo pia ni mgumu sana kuotesha maabara, kwa hiyo PCR ya muda halisi, ile inayohesabu nakala kadiri zinavyoongezeka, ndiyo inayoweza kumwona ndani ya tishu kabla mti haujaonyesha chochote.

Sasa rudi kwetu. Miaka ya karibuni mikorosho imepelekwa mikoa ambayo haikuwa ya korosho, Singida na Dodoma miongoni mwao. Miche inapakiwa kwenye lori ikiwa ndani ya viriba, na kila kiriba kina udongo. Fusarium hasafiri mbali kwa upepo kama ubwiri. Yeye anapenda lifti. Akifika shamba jipya ndani ya kiriba, zile spora zenye ukuta mnene zitakaa pale muda mrefu kuliko mkopo wa mkulima. Udongo wa viriba na mashina ya miche kwenye vitalu vikubwa, na mashamba mama yanayotoa vikonyo vya kubebeshea, ndipo kipimo kimoja kinapolinda mashamba mengi kwa mpigo.

Na si lazima kila sampuli ipande basi kwenda maabara kubwa. Wajapani walichapisha mwaka 2000 mbinu inayoitwa LAMP, inayotumia praima nne hadi sita badala ya mbili na polimerasi nyingine inayofanya kazi kwenye joto moja tu, nyuzi 60 hadi 65. Hakuna kupanda na kushuka, kwa hiyo hakuna haja ya ile mashine ya gharama. Kifaa kidogo cha kushikilia joto kinatosha, na umeme wa betri unatosha. Katika nusu saa hadi saa nzima kichupa kinabadilika rangi, kwa mfano kutoka waridi hadi njano. Inavumilia uchafu wa sampuli kuliko PCR, jambo ambalo kwa mti kama mkorosho ni nafuu kubwa. Shida yake ni kwamba ina nguvu mno: ukifungua kichupa kilichokwisha kufanya kazi ndani ya chumba cha kupimia, nakala zinaruka hewani na kesho kila kitu kitakuwa njano, hata maji. Vichupa vilivyotumika visifunguliwe. Vitupwe vikiwa vimefungwa.

Na LAMP, pamoja na wepesi wake wote, inarithi swali letu lilelile. Praima zake sita zimelenga sentensi ipi? Siku afisa akija kitaluni kwenu na kisanduku cha kupima mnyauko, muulize maswali matatu: kimejaribiwa kwa Fusarium wangapi wasioua mkorosho, kichupa cha kuthibitisha jeni ya mkorosho kiko wapi, na miche mingapi imechukuliwa kati ya mingapi. Anayekijua kifaa chake atafurahi kuulizwa.

Wakati unamsubiri, angalia viriba vyako vimejazwa udongo wa wapi. Kama ulichotwa chini ya mkorosho uliokauka, usiuhamishe.